Seva yaganda Nzega, fundi yuko Dar: njia ya kuifufua bila safari

MFANYABIASHARA wa mchele mjini Nzega anapoweka hesabu zake zote katika kompyuta moja kubwa, yaani seva, anakuwa ameweka duka, ghala na daftari la madeni mahali pamoja. Seva hiyo ikiganda asubuhi, lori la mnunuzi likiwa limekwisha simama kwenye mizani, hasara huanza kuhesabiwa kwa saa. Mchele upo na mnunuzi yupo, lakini hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni magunia mangapi yaliyotoka jana na nani hajalipa.

Swali linalofuata ni la fedha kabla ya kuwa la ufundi: nani ataiamsha? Fundi aliyeifunga seva mara nyingi anaishi Mwanza au Dar es Salaam. Nzega ni njia panda, ambako barabara ya kutoka Tabora hukutana na ile ya kutoka Singida na Igunga, kisha kuelekea Tinde, ambako wa Shinyanga na Mwanza huachana na wa Isaka na Kahama. Hata hivyo, kutoka Dar es Salaam ni karibu kilomita 900. Fundi atakayefika kesho yake huenda akakuta kazi yenyewe ni kuzima mtambo na kuuwasha tena.

Tatizo la mali kuwa mbali na mwenyewe si geni katika ukanda huu. Burton na Speke walipopita njia ya misafara mwaka 1857 walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, mahali palipo Tabora ya leo. Tajiri wa Zanzibar mwenye pembe zake Unyanyembe hakuwa na njia ila kumwamini wakala aliyekaa huko, maana habari ilikwenda kwa mwendo wa mpagazi. Wakala mwema aliokoa mali, na wakala mbaya aliimaliza bila mwenyewe kujua.

Seva nyingi za kazi zina wakala wa namna hiyo ndani yake. Wenye seva wengi hawajui kuwa wamemlipia, na wachache zaidi wanajua kuwa asipofungiwa vizuri anaweza kuwafungulia wezi.

Kompyuta ndani ya kompyuta

Wakala huyo ni kompyuta ndogo ya pili iliyobandikwa juu ya mazabodi ya seva. Mafundi huiita BMC. Ina prosesa yake, kumbukumbu yake na mara nyingi tundu lake la waya wa mtandao. Hupata umeme wakati wote plagi ikiwa kwenye umeme, hata kama seva yenyewe imezimwa. Haitegemei Linux iliyomo katika seva. Linux ikiganda au ikishindwa kuwaka baada ya kubadilishwa toleo, BMC huendelea kusikiliza.

Taratibu za kuzungumza nayo, zinazoitwa IPMI, zilitangazwa mwaka 1998 na kampuni za Intel, Hewlett-Packard, NEC na Dell. Toleo la pili, ambalo bado limo katika seva nyingi, lilitoka mwaka 2004. Dell huita mtambo wake iDRAC, na HPE huuita iLO. Tangu mwaka 2015 upo pia utaratibu mpya zaidi uitwao Redfish.

Kwa kupitia BMC, fundi aliye Dar es Salaam anaweza kuizima seva ya Nzega na kuiwasha, kusoma joto na kasi ya feni, na kusoma daftari la matukio linaloonyesha kama chanzo ni joto, umeme au kipuri kilichokufa. Katika seva nyingi anaweza pia kuona skrini kama aliyekaa mbele yake, na hata kufunga Linux upya.

Yapo asiyoyaweza. Hawezi kubadilisha diski iliyoungua, wala kuifikia seva ambayo plagi yake haina umeme au waya wake wa mtandao umekatika. Faida yake hapo ni kwamba daftari la matukio linaweza kumwambia fundi kipuri gani abebe kabla hajapanda basi.

Maswali kabla ya kununua

Wanunuzi wa seva zilizokwisha tumika nje ya nchi wanapaswa kumuuliza muuzaji mambo matatu.

La kwanza, je, mtambo una BMC? Kompyuta ya kawaida ya mezani iliyogeuzwa seva kwa kawaida haina. La pili, je, una leseni ya kuona skrini kutoka mbali? Katika seva nyingi za Dell na HPE, kuzima na kuwasha ni bure, lakini kuona skrini wakati wote kunataka leseni ya daraja la juu. Seva ya bei ya chini isiyo na leseni hiyo yaweza isiwe rahisi kama inavyoonekana. La tatu, je, mtengenezaji bado anatoa marekebisho ya programu ya BMC kwa aina hiyo? Kama aliacha miaka mingi iliyopita, punguzo la bei lina sababu yake.

Kazi ya mchana mmoja

Kufungua njia hii hakuhitaji mradi mkubwa, lakini kufanyike wakati seva ni nzima na fundi yuko mbele yake. Baada ya ajali huwa kumechelewa.

Kwanza waya wa mtandao uchomekwe katika tundu la BMC lenyewe. Baadhi ya seva zimepangwa kutoka kiwandani kuchangia tundu la kawaida pale lile la BMC linapokuwa tupu. Mwenye seva hudhani BMC haijaunganishwa, kumbe imo mtandaoni.

Kisha fundi, akiwa ndani ya Linux kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, hufunga programu iitwayo ipmitool na kuamsha sehemu za Linux zinazozungumza na BMC, kwa amri za "modprobe ipmi_si" na "modprobe ipmi_devintf". Amri ya "ipmitool lan print 1" humwonyesha anwani iliyopo. Namba 1 ndiyo njia ya kawaida, ingawa baadhi ya watengenezaji hutumia nyingine. Anwani ya kudumu huwekwa kwa "ipmitool lan set 1 ipsrc static", ikifuatiwa na "ipmitool lan set 1 ipaddr" na namba yenyewe.

Hatua inayofuata ndiyo inayosahaulika sana: kubadilisha neno la siri la kiwandani. Kwa baadhi ya seva majina na maneno hayo yamechapishwa katika vitabu vya mtengenezaji, na wezi wanayajua. "ipmitool user list 1" huonyesha watumiaji waliopo, na "ipmitool user set password" pamoja na namba ya mtumiaji huweka neno jipya. Neno hilo liwe refu, lakini IPMI ya toleo la pili haipokei zaidi ya herufi 20.

Kwa mji ambao umeme hukatika na kurudi, ipo amri moja yenye thamani ya peke yake: "ipmitool chassis policy always-on". Huiagiza seva iwake yenyewe umeme unaporudi, hata saa nane za usiku dukani kukiwa hakuna mtu.

Mwisho ni majaribio, na yafanywe kutoka kompyuta nyingine, si kutoka seva hiyo hiyo. Fundi aizime seva kwa mbali na kuiwasha mwenye mali akiwa anatazama. Njia isiyojaribiwa isihesabiwe kuwa ipo.

Mlango ulio chini ya milango yote

Anayeishika BMC anaishika seva nzima, hata kama neno la siri la Linux ni gumu kiasi gani. Anaweza kuizima, kufuta diski zake au kuiwasha kwa programu yake mwenyewe.

Udhaifu mmoja umo katika utaratibu wenyewe. IPMI ya toleo la pili humpa yeyote anayebisha hodi, akitaja jina la mtumiaji lililopo, alama iliyotengenezwa kutokana na neno la siri la mtumiaji huyo. Mwizi huichukua alama hiyo nyumbani kwake na kubahatisha maneno kwa kompyuta mpaka alipate. Mwaka 2013 idara ya usalama wa kompyuta ya serikali ya Marekani ilitoa onyo rasmi juu ya hatari za IPMI. Mwaka 2018 seva za HPE zilizoachwa na iLO wazi mtandaoni zilishambuliwa, na wenyewe wakadaiwa malipo kwa sarafu ya bitcoin.

Mambo hayajaishia hapo. Mwezi Machi 2025 kampuni ya Eclypsium ilitangaza kasoro katika programu ya MegaRAC ya kampuni ya AMI, inayotumika ndani ya BMC za watengenezaji mbalimbali. Kasoro hiyo ilimwezesha mtu kupita bila neno la siri na ikapewa alama 10, ambayo ndiyo ya juu kabisa ya hatari. Mwezi Juni mwaka huo huo mamlaka za Marekani ziliiorodhesha miongoni mwa kasoro ambazo wahalifu wamekwisha zitumia.

Kanuni kwa mfanyabiashara ni moja: anwani ya BMC isionekane kamwe kwenye intaneti ya wazi. Iwe ndani ya mtandao wa faragha ambao fundi huingia kwa VPN, kwa funguo zake mwenyewe. Chama cha akiba na mikopo au duka linalotunza majina na madeni ya watu lina sababu ya ziada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda.

Laini moja haitoshi

Mkono wa mbali hufika pale tu laini inapofika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSY na SEACOM, zilipata hitilafu na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Mwenye seva anayetegemea kampuni moja ya simu peke yake anakuwa na wakala mzuri lakini hana njia ya kumfikia.

Dawa ya gharama nafuu ni ruta ndogo yenye laini ya kampuni ya pili ya simu, ikilishwa na betri moja na seva. Ipo kasoro ya kujua mapema: laini za kawaida za simu kwa kawaida hazina anwani yao pekee kwenye intaneti, hivyo fundi hawezi kubisha kutoka nje. Kwa hiyo ruta ndiyo iwe ya kwanza kupiga, ikifungua njia ya VPN hadi kompyuta ya ofisini kwake. WireGuard, iliyomo ndani ya Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, hufanya kazi hiyo bila ada ya leseni.

Hesabu ya mwenye mali

Uamuzi uwekwe kwenye karatasi. Upande mmoja mfanyabiashara aandike nauli ya fundi kwenda na kurudi, malazi, ujira wake, na mauzo ya siku ambazo seva ililala, kisha azidishe kwa mara ambazo seva iliganda mwaka uliopita. Upande wa pili aandike bei ya leseni kama inahitajika, ruta, kifurushi cha laini ya pili kwa miezi 12 na mchana mmoja wa fundi. Mwenye seva moja iliyowahi kuganda mara moja tu, na fundi wake yuko mtaa wa pili, anaweza kukuta haimlipi. Mwenye matawi Nzega, Igunga na Kahama hatachukua muda mrefu kuona upande upi ni mzito.

Linabaki suala la mamlaka. Neno la siri la BMC lisikae kwa fundi peke yake. Nakala iwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa katika sefu ya biashara, na libadilishwe siku fundi anapoacha kazi. Matajiri wa misafara walijua kuwa wakala aliyebaki na funguo zote ndiye mwenye ghala. Aliye na neno hilo peke yake leo ndiye mwenye seva, hata kama risiti ya ununuzi ina jina la mtu mwingine.