Shingo ya kifaranga ikipinda, usikimbilie kuinyoosha

KIFARANGA anapookotwa uani akiwa amepinda shingo, wazo la kwanza humjia mwenye kuku ni kwamba ameumizwa. Mara nyingi wazo hilo huwa sahihi. Lakini siku linapokuwa si sahihi, huweza kugharimu kuku wote wa nyumba hiyo kwa muda wa siku chache.

Katika eneo la Kotile, Kaunti ya Garissa, jambo hili si dogo. Kwa vizazi vingi, mali ya wafugaji wa upande huu wa mashariki wa Mto Tana imehesabiwa kwa ng'ombe, mbuzi na ngamia. Kuku alikuwa kitu cha pembeni, kilichoachiwa kina mama na watoto.

Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka wa 2020 na kuendelea hadi mapema mwaka wa 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini Kenya, na kaunti za kaskazini mashariki zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika vibaya. Mvua ziliporejea, zilileta mafuriko. Mnamo Novemba 2023, Mto Tana ulivunja kingo zake na barabara ya kuingia mji wa Garissa ikakatika.

Kwa familia iliyopoteza ng'ombe, kuku wachache wanaojitafutia wadudu na mabaki ya chakula ni akiba ya kweli. Yai ni kitoweo cha mtoto. Jogoo mmoja akiuzwa hununua unga na sukari. Kwa sababu hiyo, kifaranga mmoja aliyepinda shingo anastahili kuangaliwa kwa makini.

AJALI AU UGONJWA?

Shingo ya kuku ina mifupa midogo ipatayo 14, ilhali ya binadamu ina 7 tu. Wingi huo huifanya iwe nyepesi kugeuka kila upande. Kwa kifaranga, hata hivyo, mifupa hiyo bado ni laini na misuli yake haijakomaa, hivyo huumia upesi.

Visababishi vya ajali vinajulikana na kila mfugaji. Mwewe humnyakua kifaranga kisha akamwangusha. Nguchiro au paka humuuma akaponyoka. Mbuzi humkanyaga, mtoto humbeba kwa kumshika shingo, na kuku mwenye vifaranga vyake humdonoa kifaranga asiye wake. Wengine hunasa katika uzio wa miiba au katika uzi wa nailoni uliotupwa.

Kabla ya kumtibu, mwenye kuku ajiulize maswali matatu. Je, kuna jeraha, damu au manyoya yaliyong'oka? Je, ni kifaranga mmoja tu, au kuna wenzake wanaozubaa? Je, katika wiki mbili zilizopita kuna kuku aliyekufa, au mgeni aliyeletwa kutoka sokoni au kijiji kingine?

Aliyeumia kwa ajali kwa kawaida huwa peke yake. Jana alikuwa mzima, leo ana kidonda au uvimbe, na aghalabu bado anataka kula.

Mwenye ugonjwa wa kideri, ambao Tanzania huitwa mdondo, huonyesha dalili nyingine pamoja na shingo iliyopinda. Huhema kwa shida akiwa amefungua mdomo, huharisha kinyesi cha kijani, hulegeza mabawa na pengine huzunguka pale pale kama aliyepotewa na njia. Baada ya siku moja au mbili, wenzake nao huanza.

Sababu ya tatu ni upungufu wa vitamini. Kifaranga anayekosa vitamini B1 hurudisha kichwa nyuma hadi mgongoni kama anayetazama angani. Anayekosa vitamini E huanguka ubavu na kichwa kikajikunja. Hali hii huwapata zaidi vifaranga waliofungiwa na kulishwa chakula cha aina moja, au chakula kilichokaa hadi kikaoza mafuta.

HUDUMA YA KWANZA

Liwe lipi kati ya hayo, hatua ya kwanza ni moja: kifaranga atengwe na wenzake. Kuku huvutwa na rangi nyekundu, na wakiona damu hudonoa mpaka wamuue. Tena, ikiwa ni kideri, kumtenga huchelewesha maambukizi.

Ashikwe kwa kitambaa chepesi kinachozuia mabawa kupigapiga, huku mwili wote ukiegemezwa kiganjani. Asibebwe kwa shingo wala kwa miguu.

Damu ikitoka, kidonda kikandamizwe polepole kwa kitambaa safi kwa dakika chache. Hapo mkono usibane koo, kwani kifaranga hukosa pumzi upesi. Kisha kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu lita. Mafuta ya taa, majivu na pilipili visitumiwe, kwa kuwa huchoma nyama changa na kuchelewesha kupona.

Baada ya hapo, adui mkubwa ni inzi. Katika joto la bonde la Tana, kidonda kilichoachwa wazi huweza kupata mabuu kwa muda mfupi. Kikaguliwe asubuhi na jioni, na kifaranga awekwe mahali palipofunikwa kwa chandarua au kitambaa chepesi kinachopitisha hewa.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kujaribu kuinyoosha shingo kwa nguvu. Uti wa mgongo hupita ndani ya mifupa hiyo, na kuuvuta kwaweza kumpoozesha kifaranga ambaye angepona. Kilicho bora ni kukunja kitambaa laini kiwe kama kata, kisha kumlaza humo ili kichwa kiegemee bila kuning'inia. Kuifunga shingo kwa bendeji iliyobana ni hatari.

MAJI, CHAKULA NA JOTO

Vifaranga wengi walioumia shingo hawauawi na jeraha lenyewe. Huuawa na kiu na njaa, kwa sababu hawawezi kuelekeza mdomo kwenye chombo.

Maji yatolewe tone moja moja kando ya mdomo, naye ayameze mwenyewe. Yasimiminwe kinywani. Tundu la kupitishia hewa la kuku liko nyuma kidogo ya ulimi, na maji yakiingia humo huenda moja kwa moja mapafuni. Akiweza kunywa peke yake, awekewe kisahani kisicho na kina chenye vijiwe safi, asije akazama.

Chakula kiwe laini: kiini cha yai lililochemshwa kikapondwa, au chakula cha vifaranga kilicholowekwa kwa maji ya uvuguvugu. Apewe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Kabla ya kila mlo, kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo kipapaswe. Kikiwa bado kimejaa, asubiri.

Ikiwa dalili zinaelekea upungufu wa vitamini, pumba za mchele zisizochacha na mboga za majani zilizokatwakatwa husaidia. Dawa ya vitamini ya kuku, inayouzwa katika maduka ya dawa za mifugo na kuchanganywa kwenye maji, hufanya kazi haraka zaidi. Aliyekosa vitamini B1 huweza kuonyesha nafuu baada ya siku moja au mbili.

Joto nalo lina kipimo chake. Kifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji nyuzi kati ya 32 na 35 za Selsiasi, na kiasi hicho hupungua kwa takriban nyuzi 3 kila wiki. Mchana katika sehemu kama Kotile, shida si baridi bali ni jua, hivyo akae kivulini penye hewa. Usiku, hasa msimu wa mvua, tenga lake lifunikwe na kuwekwa ndani.

IKIWA NI KIDERI

Kideri hakina dawa. Husababishwa na virusi, na kwa Kiingereza ugonjwa huo umepewa jina la mji wa Newcastle, Uingereza, ulikotambuliwa mwaka wa 1926. Nchini Kenya uliripotiwa mara ya kwanza mwaka wa 1935 karibu na Mombasa. Kuku wasiochanjwa huweza kufa karibu wote.

Virusi husafiri kwa kinyesi, pumzi, viatu, mikono na matenga ya kubebea kuku. Anayemhudumia mgonjwa anawe kwa sabuni kabla ya kuwagusa wazima na kabla ya kujigusa macho, maana virusi hivyo huweza kumletea binadamu uvimbe mdogo wa macho. Waliokufa wazikwe kwa kina au wachomwe. Kuwauza haraka walio hai kabla hawajafa ni kupeleka msiba kwa jirani.

Kinga ni chanjo. Ile iitwayo I-2, iliyobuniwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, hustahimili joto kuliko nyingine ambazo hulazimu kuwekwa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8. Hutiwa tone moja katika jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Hata hivyo, nayo huharibiwa na jua kali, na haimponyi kuku ambaye tayari ni mgonjwa.

Wakazi wa Kotile wanaweza kumwarifu afisa wa mifugo wa kaunti ndogo ya Ijara, ambayo makao yake yako Masalani. Kwa kuwa chupa moja huwa na matone ya kutosha mamia ya kuku, majirani wakichanga na kuchanja siku moja, gharama huwa ndogo kwa kila nyumba.

LINI ATAPONA?

Aliyeumia misuli tu huanza kuinua kichwa baada ya siku kadhaa, na huweza kuhitaji wiki 2 au 3 kabla ya kurudishwa kwa wenzake. Arudishwe jioni, wakati kuku wametulia, na achunguliwe kesho yake asubuhi.

Lakini akiwa miguu imepooza, hashtuki anapofinywa kidole, na hawezi kumeza, basi uti wa mgongo umekatika. Kumwacha ateseke siku nyingi si huruma. Achinjwe mapema kwa kisu kikali.

Katika hayo yote, lililo rahisi kuliko yote halihitaji fedha. Ni kuwahesabu vifaranga kila asubuhi wanapofunguliwa na kumtazama kila mmoja anavyotembea. Anayemwona kifaranga wa kwanza mwenye shingo iliyopinda siku ile ile, bado ana nafasi ya kuwaokoa waliosalia.