Uwakala ni Amana, si Milki

Tuchukue mfano. Mzee mmoja wa Ruangwa miguu imemshinda. Amemwandikia mpwa wake aliyeko Nachingwea hati ya uwakili: apeleke korosho chama cha msingi, afuatilie malipo ya mnada, kisha amletee fedha. Wakulima wa wilaya hizi mbili, pamoja na wa Liwale, huuza mazao yao kupitia chama kikuu cha RUNALI. Je, sharia inamwambia nini mpwa huyu?

Uwakala ni mtu kumkabidhi mwenziwe jambo ambalo yeye mwenyewe ana haki ya kulifanya, amfanyie akiwa hai. Asili yake tunaiona katika Suratul-Kahf, aya ya 19, pale vijana wa pangoni walipomtuma mmoja wao mjini na fedha yao awaletee chakula. Na Mtume (s.a.w.) alimpa Urwa al-Bariqi (r.a.) dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo pamoja na dinari. Faida hakuitia mfukoni.

Kwanza, wakala havuki mpaka. Aliyeruhusiwa kuuza korosho hakuruhusiwa kuuza shamba wala kuliweka rehani. Pili, katika madhehebu ya Imamu Shafi, aliyeambiwa "uza" bila masharti hauzi kwa mkopo, hauzi kwa hasara kubwa, wala hajiuzii mwenyewe. Tatu, kazi anayoiweza hamwachii mwingine bila ya idhini. Nne, mkono wake ni mkono wa amana: korosho zikiharibika pasina uzembe wake, halipi. Lakini akizitumia fedha za mzee kwa harusi yake, hata kwa nia ya kurudisha, amefanya khiyana na zinamlazimu. Akitaka ujira, waafikiane mwanzo, asijikatie.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kwa mila ya Wamwera, mpwa ana nafasi kubwa kwa mjomba wake. Mzee akifariki kabla malipo hayajatoka, mpwa huiona ile hati kuwa ingali hai. La! Mzee akifa, au akipotewa na akili, uwakala umekwisha. Sharia yetu na Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, zinakutana hapo. Fedha zile sasa ni mirathi: zitatoka gharama za mazishi, madeni na wasia, kisha warithi. Wakiwapo watoto wa marehemu, mtoto wa dada hana fungu. Atakayezishughulikia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Basi, ndugu msomaji, ukipewa uwakala, hati itaje wazi ulichoruhusiwa, iwe na mashahidi, nawe utunze stakabadhi za mizani na za benki. Fedha za mzee usizichanganye na zako. Siku akikuuliza, au wanawe wakikuuliza, karatasi ndizo zitakazokujibia hapa duniani. Kesho Akhera kila mmoja atajibu mwenyewe.

Wallahu a'lam.