Joini ya kilasi imeungua: usikimbilie kununua mpya
Gari la zamani likipanda milima ya Ngomo na maji kidogo, moteri inachemka, joini ya kilasi inaungua. Utaona maji yanapunguka bila kuvuja, moshi mweupe, mafuta ya moteri yanageuka kama chai ya maziwa.

Mwenye kuanza ufundi anawaza joini tu. Lakini kilasi yenyewe, ni kusema kichwa cha moteri, njo inapinda kwa moto. Ikisha kupoa na kusafishwa, weka juu yake rula ya chuma: mwanga ukipita chini, ipelekwe kwanza kwenye mashine ya kusawazisha. Bila hivyo joini mpya itaungua tena, na pesa imeenda.

Buloni zinafunguliwa kuanzia pembeni. Zinakazwa kuanzia katikati, hatua kwa hatua, na ufunguo wa kipimo. Wengi wanakaza kwa nguvu ya mkono, hapo njo inavuja. Na radiateri iliyoziba isafishwe mbele ya kuwasha.