Runinga yatangaza mpaka, Kudhaa yangoja

MEI 15, 2023, mawaziri wa Kenya na Somalia walitangaza jijini Nairobi kwamba mpaka wa nchi hizo mbili ungefunguliwa kwa awamu: Mandera kwanza, kisha Liboi, na mwisho Kiunga na Ras Kamboni ndani ya siku 90. Kwa mfanyabiashara wa Kudhaa, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Kismayo, kituo cha maana kilikuwa hicho cha mwisho. Kabla ya miezi miwili kwisha, Julai 5, Waziri Kithure Kindiki akasema ufunguzi umeahirishwa kwa sababu ya mashambulizi ya Al-Shabaab upande wa Kenya.

Aliyepakia chombo kwa kufuata taarifa ya saa moja jioni alibaki na mzigo wake. Katika pwani hii runinga haijawahi kuwa kiburudisho tu.

Somalia ilipata kituo cha taifa cha runinga mwaka 1983, Mogadishu. Kilikufa pamoja na serikali mwaka 1991 na kurudi hewani 2011. Vita vilipowafukuza Wabajuni visiwani, wengi waliishia kambi ya Jomvu, Mombasa. Miaka hiyo Wakenya walikuwa wakicheka na Vitimbi na Vioja Mahakamani za KBC, kwa Kiswahili ambacho Mbajuni hakuhitaji kutafsiriwa.

Waliobaki nyumbani, au waliorudi, walikuta kutazama kumekuwa kosa. Julai 2006 watu wawili waliuawa Dhusamareb katika vurugu za kufungwa ukumbi uliokuwa ukionyesha nusu fainali ya Kombe la Dunia kati ya Ujerumani na Italia. Mwaka 2010 Hizbul Islam na Al-Shabaab wakapiga marufuku mechi za Afrika Kusini. Mwishoni mwa 2013 wakazi wa Barawe waliamriwa kusalimisha runinga na madishi yao. Kudhaa nayo ilikuwa mikononi mwa Al-Shabaab hadi Machi 2015, ilipotwaliwa na majeshi ya Somalia, Jubaland na Umoja wa Afrika. Si ajabu basi kwamba dishi juu ya paa, ambalo Lamu halimshtui mtu, huku lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Bunduki zikitoka, skrini inakuja na mambo yake. Azam TV ya Dar es Salaam ilianza 2013, na tamthilia za Kituruki zikaanza kusema Kiswahili. Kwa upande mwingine, vituo vya Kisomali kama Universal TV vinasema lugha ya mji na ya ofisi. Kijana wa visiwani amekaa katikati. Nyumbani kwake mtu ni mchu na tatu ni chachu. Kwenye vituo vikubwa vya Nairobi na Dar maneno hayo hayasikiki.

Kwa biashara, Kiswahili cha runinga kina faida ya wazi. Anayeuza samaki Lamu au Mombasa anapatana bei bila mkalimani, na mnunuzi haulizi mara mbili kama ni tatu au nne. Lakini Mbajuni huyo huyo anaisikia Kudhaa ikitajwa kwenye habari kunapotokea vita, na mara chache sana kwa sababu ya bei ya samaki, ada za njiani au hali ya bahari. Vituo vinavyojiita vya Afrika Mashariki vina deni hapo, na si deni la kulipwa kwa tamthilia.

Novemba 2023 wakuu wa nchi waliokutana Arusha waliikubali Somalia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Machi 4, 2024 ikawa mwanachama kamili. Siku hiyo, tarehe iliyokuwa imetangazwa ya kufungua Kiunga na Ras Kamboni ilikuwa imepita kwa zaidi ya miezi sita.