Nani Aliyeuweka Wimbo Hewani?

Tarehe 2 Desemba 2008, mjini Arusha, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda walimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi kifungo cha miaka 15. Alikuwa mtunzi na mwimbaji mwenye jina kubwa nchini kwake, kiongozi wa kundi la ngoma la Irindiro. Mpaka leo wapo wanaosema alifungwa kwa sababu ya nyimbo zake. Sivyo. Alitiwa hatiani kwa maneno aliyoyatamka kwenye kipaza sauti mwishoni mwa Juni 1994, katika barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, akiwahimiza Wahutu wawamalize Watutsi. Nyimbo zenyewe zilisikilizwa mahakamani, zikatafsiriwa, wataalamu wakazichambua, na hazikumtia hatiani.

Anayetaka kuelewa jinsi muziki unaopendwa unavyogeuzwa silaha ya vita hana budi kuitazama kwa makini kesi hiyo.

Nyimbo zilizobishaniwa zilikuwa tatu. Ya kwanza, Twasezereye, ilitungwa mwaka 1987, Rwanda ilipojiandaa kuadhimisha miaka 25 ya uhuru, nayo ilisherehekea kuagwa kwa utawala wa kifalme. Mbili nyingine, Nanga Abahutu na Bene Sebahinzi, ni za mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati serikali ilipokuwa vitani na waasi wa RPF, wengi wao Watutsi. Majaji waliona kwamba hizi mbili zilitungwa kuchochea chuki ya kikabila, na kwamba mwaka 1994 zilitumika katika kampeni ya kuwahimiza watu waue. Hata hivyo, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba Bikindi alizitunga kwa nia hiyo ya mauaji, wala kwamba yeye ndiye aliyezisambaza mwaka huo. Ndege ya Rais Habyarimana ilipodunguliwa tarehe 6 Aprili na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza, Bikindi alikuwa ameondoka nchini siku chache tu kabla. Alirejea Juni.

Basi nani aliyeziweka hewani? Ni redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993. Kabla yake wasikilizaji walizoea Radio Rwanda, redio ya serikali yenye hotuba ndefu na lugha ya ofisini. RTLM ilikuja na utani, soga za baa, watangazaji waliozungumza kama vijana wa mtaani, na muziki wa Zaire uliokuwa ukichezwa kila kona ya ukanda wetu. Watu waliifungulia redio hiyo kwa sababu ilichangamka. Muziki ulikuwa chambo, na kwa miezi kadhaa wengi walikula chambo bila kuhisi ndoano. Kufikia Aprili 1994 sikio lilikuwa limeshazoea. Mtangazaji alipoanza kutaja majina ya watu na mahali walipojificha, alikuwa ni yuleyule aliyekuwa akiwachekesha wiki iliyopita, na baada yake ukafuata wimbo ambao kila mtu aliujua.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo lenyewe. Propaganda ya vita mara nyingi haitungi wimbo wake. Huuazima wimbo uliokwisha kupendwa, ikaupangia saa na jirani mpya. Twasezereye ikipigwa katika sikukuu ya uhuru ni jambo moja. Ikipigwa kati ya taarifa mbili za msako ni jambo lingine kabisa, ingawa hakuna neno lililobadilika.

Wajerumani walilijua hilo zamani. Mwaka 1935 redio za Ujerumani zilipigwa marufuku kucheza jazi, iliyoitwa muziki wa Weusi na Wayahudi. Vita vilipoanza, Wizara ya Propaganda ya Goebbels ikagharimia bendi ya jazi iliyoongozwa na Lutz Templin, mwimbaji wake akiwa Karl Schwedler, ipige kwa ajili ya Waingereza na Wamarekani kupitia masafa mafupi. Walichukua nyimbo zilizovuma Marekani. Ubeti wa kwanza waliuacha kama ulivyo, kwa Kiingereza na kwa ufundi wa kweli. Ubeti uliofuata ukamgeukia Churchill, Roosevelt na Wayahudi kwa kejeli. Ubeti wa kwanza ulikuwa na kazi moja tu, nayo ni kumzuia msikilizaji asiizime redio.

Lakini wimbo wa kuazima humponyoka hata aliyeuazima. Lili Marleen, ulioimbwa na Lale Andersen mwaka 1939, ni wimbo wa mapenzi na utengano, na Goebbels mwenyewe hakuupenda. Mwaka 1941 redio ya jeshi la Ujerumani huko Belgrade ilipoanza kuupiga kila usiku, askari wa Uingereza waliokuwa jangwani Afrika Kaskazini nao wakawa wanaungoja. Mwaka 1943 BBC ikamtumia mwigizaji Lucie Mannheim kuuimba kwa Kijerumani kwa maneno mapya ya kumpinga Hitler.

Je, redio iliua watu Rwanda? Wataalamu hawajakubaliana. Mtafiti Scott Straus aliwahoji wafungwa 210 waliokiri kushiriki mauaji, na wengi hawakuitaja redio kuwa ndiyo iliyowatoa majumbani. Walitaja viongozi, majirani, vikundi vilivyopita mlangoni. David Yanagizawa-Drott, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, alilinganisha vijiji vilivyopata mawimbi ya RTLM na vile vilivyozibwa na milima, akakadiria kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji ilitokana na redio hiyo. Mimi sioni kwamba tafiti hizi zinapingana sana. Mtu anayeitwa na jirani yake kwenda kuua huitika upesi zaidi akiwa ameshaambiwa mara nyingi kwamba hilo ni jambo la kawaida, tena la kujivunia.

Wawili kati ya waanzilishi wa RTLM, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, walitiwa hatiani na mahakama hiyohiyo Desemba 2003, ingawa rufaa ya 2007 iliwapunguzia adhabu. Kwa Bikindi, naamini majaji walitenda haki. Kumfunga mtunzi bila kuthibitisha nia yake kungempa kila mtawala kisingizio cha kumfunga kila mwimbaji. Hata hivyo kuna jambo moja katika hukumu hiyo ambalo halielezwi vya kutosha. Siku ile barabarani, Bikindi alikuwa katika msafara wa wanamgambo wa Kihutu wa Interahamwe, na gari lenye vipaza sauti lilikuwa likipiga muziki, zikiwamo nyimbo zake. Sheria ilitenganisha hotuba na nyimbo, ikaadhibu hotuba. Waliosimama kando ya barabara walizisikia kutoka kipaza sauti kimoja.