Fahamu: Ukomo wa mishahara na usajili wa wachezaji huru

Ukomo wa mishahara, yaani kiwango cha juu cha fedha ambacho timu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake kwa msimu, ulianza kutumika mwaka 1994 katika NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, lakini haupo katika Ligi Kuu Tanzania Bara, ambako mwaka 2024 kilichobana usajili kilikuwa nafasi 12 za wachezaji wa kigeni kwa kila klabu. Kwa hiyo Mzambia Clatous Chama, mkataba wake na Simba ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, ulipokwisha, akawa mchezaji huru, asiyedaiwa ada ya uhamisho, na Julai 2024 akatua kwa jirani, Yanga ya Jangwani, iliyohitaji nafasi moja ya mgeni na fedha za kumlipa. Klabu ndogo haziwezi kushindana na fedha hizo.