Damu Iliyotolewa, Ukweli Uliochapishwa: Deni la Jarida kwa Mgonjwa

Katika kata ya Ihanda, wilayani Mbozi, mkoa wa Songwe, kama ilivyo popote nchini, mtu anayeishi na VVU hupokea habari njema siku anapoambiwa kwamba virusi katika damu yake vimefubaa hata kipimo hakivioni. Akiendelea kumeza dawa zake kila siku na virusi vikabaki vimefubaa, hatamwambukiza mwenza wake kwa njia ya kujamiiana. Habari hiyo huifikisha muuguzi, lakini ilianza safari yake miaka mingi nyuma, kwa watu waliokubali kutolewa damu na kwa kurasa za jarida lililochapisha matokeo yao. Makala hii inaeleza deni ambalo kurasa hizo zinawiwa na watu hao.

Kati ya mwaka 1994 na 1998, watafiti wa Uganda na Marekani waliwafuatilia wakazi wa wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda. Baadaye, katika kumbukumbu za watu zaidi ya 15,000, walitambua jozi 415 za wenza ambao mmoja wao alikuwa na VVU na mwingine hakuwa navyo mwanzoni. Matokeo yalichapishwa Machi 2000 katika New England Journal of Medicine. Katika jozi hizo, wenza 90 walikuwa wameambukizwa. Kadiri virusi vilivyokuwa vingi katika damu ya mwenye maambukizi, ndivyo hatari kwa mwenzake ilivyoongezeka. Na pale vilipokuwa chini ya 1,500 kwa mililita moja, hakuna aliyeambukizwa. Aidha, miongoni mwa wanaume 50 waliotahiriwa na waliokuwa hawana virusi, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Kurasa hizo zilizaa matunda. Mwaka 2011 jaribio kubwa lililofanyika katika nchi kadhaa lilionyesha kwamba kuanza dawa mapema hupunguza maambukizi kwa mwenza kwa asilimia 96. Majaribio ya Afrika Kusini, Kisumu na Rakai yenyewe yakathibitisha faida ya tohara, na mkoa wa Mbeya, ambao wakati huo ulijumuisha Mbozi na Tunduma, ukawa miongoni mwa mikoa iliyopewa kipaumbele katika tohara ya hiari ya wanaume.

Hata hivyo, toleo lile lile lililobeba matokeo ya Rakai lilibeba pia swali zito. Watafiti walijua nani ana virusi na nani hana. Sera ya Uganda haikuruhusu majibu ya mtu kupewa mwenzake bila ridhaa yake. Kila mshiriki alialikwa kuchukua majibu yake, kupata ushauri nasaha na kondomu bila malipo. Lakini dawa za kufubaza virusi hazikuwepo kwa watu wa vijijini. Marcia Angell, aliyekuwa akiliongoza jarida hilo, aliandika tahariri akisema kwamba utafiti wa namna hiyo usingaliweza kufanyika Marekani, akahoji wajibu wa mtafiti kwa watu maskini anaowachunguza. Watafiti nao walijitetea kwamba walifuata sheria za nchi, walipata idhini za kamati za maadili, na walitoa huduma iliyozidi ile iliyokuwapo kabla yao.

Msomaji anaweza kuegemea upande wowote. Lililo muhimu ni kwamba mhariri hakuyaficha matokeo yenye kuokoa maisha, wala hakuyachapisha kimya kimya kana kwamba hayana mwenyewe. Aliweka ukweli na swali lake mezani pamoja, ili ulimwengu uhukumu.

Jarida linaposahau wajibu huo, anayeumia ni mgonjwa. Mwaka 1998 The Lancet la Uingereza lilichapisha taarifa ya Andrew Wakefield juu ya watoto 12, iliyoihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Ilikuja kugundulika kwamba taarifa za watoto hao zilipotoshwa na maslahi ya kifedha yakafichwa. Jarida liliifuta rasmi mwaka 2010, miaka kumi na miwili baadaye. Wakati huo wazazi wengi walikwisha kuiogopa chanjo, na hofu hiyo haijatoweka hadi leo.

Wajibu mwingine ni siri ya mgonjwa, nao ni mzito zaidi mahali padogo. Mjini Dar es Salaam, maneno “mama wa miaka 34, mfanyabiashara, mwenye watoto watano” yanaweza kuwahusu wengi. Yakiongezewa jina la kijiji na ugonjwa usio wa kawaida, majirani humtambua kabla ya kumaliza sentensi. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba inaelekeza kwamba maelezo yanayomtambulisha mgonjwa yasichapishwe ila pale yanapohitajika kisayansi, naye awe ametoa ridhaa ya maandishi. Kuziba macho kwenye picha hakutoshi.

Kamati hiyo inagusa pia haki ya mhudumu wa afya. Kukusanya sampuli peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwandishi wa makala, ingawa anastahili kutajwa katika shukrani. Lakini aliyechangia kwa kina katika ukusanyaji au uchambuzi wa takwimu apewe nafasi ya kushiriki kuandika, kuidhinisha nakala ya mwisho na kuwajibika kwayo. Kumwacha kando ni dhuluma. Kumwandika mkubwa wa kazi ambaye hakufanya lolote ni uongo.

Ndugu mhudumu, kabla ya kushiriki utafiti, omba kuona kibali. Hapa Tanzania utafiti wa afya hupitiwa na kamati za maadili, ikiwamo kamati ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Nawe ndugu mgonjwa, kabla ya kutia sahihi au dole gumba, uliza: damu yangu itatumikaje, nani ataona jina langu, na matokeo nitaelezwa lini na kwa lugha gani? Ukikataa, haki yako ya kutibiwa haipungui.

Wenza wa Rakai hawatajwi kwa majina popote katika makala ile, na ndivyo inavyopasa. Lakini kila mwenza anayebaki salama, Ihanda au kwingineko, ana sehemu yake katika damu waliyoitoa. Wanaoandika na wanaochapisha wana wajibu wa kutoisahau.